Mkubwa Ndiye Anayeanza Kula

Umri wangu haumhusu mtu. Hilo kila mtu hapa Ghubra, mtaa wetu wa Maskati, analijua, tangu majirani mpaka daktari wa macho, ambaye nimemzoesha asome mwenyewe kwenye bataka yangu, yaani kitambulisho, kisha anyamaze. Bataka inasema tarehe mosi Januari, mwaka wa hamsini na tano. Mtu akiniuliza humpa kitambulisho, nikamwambia soma. Akizidi kuuliza, hapati kahawa.

Sasa fikiria nilivyoipokea habari kwamba Wakorea, wakikutana na mtu kwa mara ya kwanza, humuuliza umri hata jina lake hawajalishika vizuri.

"Basi nao wabaki kwao," nikamwambia mjukuu wangu Hadeel. Tulikuwa jikoni, mimi nafunga sambusa, yeye ananisomesha.

"Si ufidhuli, Bibi. Kwao hujui umsemeshe mtu vipi mpaka ujue nani mkubwa nani mdogo. Maneno yenyewe yanabadilika. Yaani ukimsemesha mkubwa kwa maneno ya mdogo, umemtukana, khalas."

"Mimi wanisemeshe kama mtu mzima. Macho si wanayo?"

Akacheka. Hadeel akicheka hurudisha kichwa nyuma kama marehemu babu yake, Humaid, na mimi hupoteza hamu ya kugomba hapo hapo.

Hadeel ni binti wa mwanangu Salem. Mama yake alifariki mtoto ana miaka mitatu, Salem akamleta kwangu na sanduku lake la nguo, na tangu siku hiyo mimi ndiye niliyemsuka, niliyemuuguza, niliyemgombeza na niliyemhifadhisha Juzuu Amma. Kiswahili kakipata kwangu, Kiarabu kwa wenzake mtaani, Kiingereza shuleni. Kikorea alijifunza mwenyewe, akiwa na miaka kumi na minne, mbele ya televisheni. Nilidhani ni ugonjwa wa utoto, utapita kama tetekuwanga. Haukupita. Alipata nafasi ya kusoma Seoul miaka miwili, akarudi na cheti chenye muhuri mwekundu, na sasa ana kazi kwenye kampuni moja Qurum, anawafasiria wahandisi wa Kikorea. Siku moja nilimfuata kazini kumpelekea simu aliyoisahau nyumbani. Nikamwona kupitia kioo: wanaume kumi na mbili wamekaa, wa huku na wa huku, wote watu wazima, wote wamenyamaza wanamsubiri yeye afungue mdomo. Nilisimama pale mpaka mlinzi akaniuliza kama naumwa. Sikuwa naumwa. Nilikuwa nimejaa fahari mpaka kooni.

Huko kazini ndiko alikokutana na Taeho. Mhandisi, mpole, anaongea kidogo na anasikiliza sana. Alisilimu hapa hapa Maskati mwaka mzima kabla hajamjua Hadeel. Hilo nililichunguza mwenyewe, kwa imamu, si kwa kusikia. Alikuja kuposa kwa adabu zote. Salem akakubali, mimi nikanyamaza, na kwetu bibi akinyamaza watu huhesabu karidhika. Lakini Taeho akasema jambo moja. Yeye naye kalelewa na bibi yake, Bi Okbun, kwenye mji wa pwani kwao unaoitwa Mokpo. Bila ya neno la bibi yake, haoi. Na Bi Okbun kasema neno kama hilo halitoi kwa simu. Atakuja Maskati mwenyewe, siku ya mwaka mpya wa kwao, aione nyumba na awaone wakubwa wa nyumba. Hapo ndipo atakaposema ndiyo au hapana.

Basi hiyo ndiyo ilikuwa shughuli yetu: siku moja, mlo mmoja, na neno la bibi mmoja.

Na kulikuwa na la pili, ambalo sikumwambia mtu. Mkataba wa Taeho hapa unamalizika mwezi wa saba. Hadeel akiolewa, anakwenda Mokpo. Mwenyezi Mungu anisamehe, ilikuwapo pembe ya moyo wangu iliyokuwa ikiomba yule mama aje, ale, ashukuru, na aseme hapana. Mtoto angelia mwezi mmoja, miwili. Halafu angebaki na mimi, na lawama ingekuwa ya Mkorea.

Lakini kukataliwa kwa sababu ya adabu, hilo sikulikubali hata kidogo. Akitaka kukataa, akatae kwa sababu zake. Asije akarudi kwao akasema mtoto wangu mimi Khole hana malezi, bibi yake mwenyewe hajui kukaribisha mgeni.

Kwa hiyo nilisoma kwa bidii ambayo sikuwahi kuwa nayo nilipokuwa msichana. Hadeel aliniandikia maneno kwenye karatasi akaibandika kwenye friji. "Anyong haseyo" ni salamu ya heshima. "Sehe pok mani paduseyo" ni ya mwaka mpya, maana yake upate kheri nyingi. Kabla ya kula mgeni husema "chal mokesumnida", kwamba atakula vizuri, na mwenye nyumba humwambia "mani duseyo", kula sana. Haya nilikuwa nikiyasema nikichagua mchele, nikikunja nguo, nikiwa kwenye gari na Salem njiani kwenda Madinat Sultan Qaboos, mpaka mwanangu akaanza kuniitikia "amin".

Yalikuwapo tuliyobishana. Kwao ukimpa mkubwa kitu, unampa kwa mikono miwili. Kwetu mkono wa kushoto hautoi kitu, na mimi sikuwa tayari kuubadilisha uzeeni. Tukasuluhishana: mkono wa kulia utoe, wa kushoto ushike chini ya kiwiko, jambo ambalo Hadeel anasema hata wao hulifanya. La pili lilikuwa zito zaidi. Mwaka mpya watoto huwapigia wakubwa wao magoti, wakainama mpaka kichwa kikakaribia sakafu. Nikasema nyumbani kwangu hakuna paji la uso litakaloshuka chini kwa ajili ya kiumbe. Taeho mwenyewe akaniunga mkono. Akasema atapiga magoti, atainamisha kichwa tu, na atambusu bibi yake mkono kama anavyotubusu sisi. Niliona ilivyomuuma kulisema hilo. Bibi yake ndiye aliyemfundisha kuinama, toka ana miaka miwili.

"Na la mwisho," akasema Hadeel. "Mezani hakuna anayegusa kitu mpaka mkubwa anyanyue kijiko."

"Hilo zuri," nikasema. "Watu wana adabu." Nikaendelea na sambusa zangu, kwa sababu kwa akili yangu mkubwa mezani ni mgeni, na hilo halikuhitaji kusomeshwa.

Mwaka huu siku hiyo yao iliangukia siku mbili tatu kabla ya Ramadhani, wakati wa vunja jungu, na mimi vunja jungu sina mchezo nayo. Nilipika pilau, kuku wa kupaka, mikate ya kumimina, na sambusa za nyama na za dengu. Hadeel akapika supu ya kwao ya mwaka mpya, kwa nyama ya ng'ombe na vipande vyeupe vya unga wa mchele ambavyo Bi Okbun alivileta kwenye sanduku lake na Taeho akatufikishia mapema. Akanieleza kwamba kila anayekula bakuli lake la supu hiyo amejiongezea mwaka mmoja.

"Basi mimi nipunguzie," nikamwambia.

Walikuja saa sita mchana. Bi Okbun ni mwanamke mfupi, mgongo umenyooka, nywele fupi zilizotiwa mawimbi, nguo ya kijivu isiyo na mkunjo hata mmoja. Alivua viatu mlangoni bila kuambiwa, akainama, akavigeuza vikaelekea nje, kimoja sawasawa na mwenzake. Hapo hapo nikajua nimempata mtu. Nikasimama mbele yake, nikavuta pumzi, nikasema yote bila kuangalia karatasi, anyong haseyo na sehe pok mani paduseyo mpaka mwisho.

Akasimama. Akanitazama. Kisha akasema maneno mengi, haraka, na Hadeel akageuka kwangu uso unang'aa. "Anasema unatamka vizuri kuliko wajukuu wa jirani zake."

Nilijifanya sikusikia, lakini niliisikia vizuri sana.

Halafu Bi Okbun akaweka mikono yake pamoja, akasema kwa taratibu, kila silabi peke yake: "Shi-ka-mo-o."

Taeho alimfundisha kwamba hilo ndilo neno la heshima la kwetu. Hakumwambia kuwa hulisemi ila kwa aliyekuzidi umri. Watu wote wakanitazama wasikie marahaba, na mimi sikuitoa. Nikasema, "Karibu, karibu sana," nikamshika mkono nikamwingiza ndani.

Vijana wakapiga magoti mbele yake kwenye zulia, Hadeel na Taeho bega kwa bega, wakainamisha vichwa, wakasema salamu yao ya mwaka mpya, wakambusu mkono. Bi Okbun alimtazama mjukuu wake pale alipokomea kuinama, na uso wake haukubadilika. Sikuweza kuusoma hata kidogo. Kisha wakaja kwangu wakafanya vilevile.

Tukakaa chini kula. Hilo lilinifurahisha, maana yule mama alikaa chini wepesi kuliko Salem, ambaye magoti yake yamezoea kiti cha ofisi. Sinia la pilau katikati, vyakula vingine pembeni, na mbele ya kila mtu bakuli la supu na kijiko chake.

"Karibuni, bismillahi," nikasema. Na kwa Bi Okbun nikasema ile yangu: "Mani duseyo."

Akainamisha kichwa, akajibu, "Chal mokesumnida." Na hakugusa kitu.

Taeho hakugusa. Hadeel hakugusa. Salem alikuwa keshanyoosha mkono kwenye sambusa. Hadeel akamtazama, akaurudisha.

Nikangoja. Nilifikiri pengine anasoma dua yake moyoni. "Mani duseyo," nikarudia, na nikausogeza mguu mzuri wa kuku upande wake. Akashukuru tena. Akanitazama kwa upole, mikono juu ya mapaja, akasubiri.

Sasa nieleweke. Mimi nimezaliwa kwenye nyumba ambayo mama yangu hakuwahi kutia tonge mdomoni kabla mgeni hajala. Mwenye nyumba akianza yeye, ni kama amemwambia mgeni chakula hiki nimejipikia mwenyewe, wewe umenikuta tu. Nimekaribisha watu Unguja na nimekaribisha watu Maskati, na siku ya mimi kumtangulia mgeni kula haijafika. Kwa hiyo nilikaa. Na Bi Okbun akakaa. Alikuwa na subira, yule mama, na mimi nna ukaidi. Pilau likawa linapoa. Vile vipande vya mchele kwenye supu vikaanza kuvimba.

"Bibi," Hadeel akaninong'oneza, jasho limemtoka puani, "wanakusubiri wewe."

"Na mimi nnawasubiri wao. Mwambie mgeni ndiye anayeanza."

Akafasiri. Bi Okbun akasikiliza, akatikisa kichwa taratibu, akajibu kwa sentensi ndefu.

"Anasema ameelewa, ahsante, lakini hawezi. Mbele yake pengine kuna mkubwa wake. Akianza yeye naye ni mdogo, itakuwa amekudharau nyumbani kwako, mbele ya kijana anayetaka kumwoa binti wa kwenu. Anasema hataki kuiharibu siku ya leo kwa kijiko."

"Sasa anataka nini?"

Hadeel akanisogelea. "Unajua anataka nini, Bibi."

Nikajua. Salem naye akajua, akainamia bakuli lake kama mtu anayetafuta sindano. Lakini yule mama hakuniuliza. Kumuuliza mkubwa umri wake ana kwa ana, kumbe hata kwao kuna namna yake. Alianza kwa kujitaja yeye.

"Anasema karatasi zake zimeandikwa hamsini na nne," Hadeel akafasiri. "Lakini si kweli. Alizaliwa hamsini na mbili, mwaka wa joka kwa hesabu yao ya wanyama, vita vimo nchini. Mama yake alikuwa amezika wawili kabla yake. Baba yake akakataa kumwandikisha mpaka aone kama atabaki hai. Akangoja miaka miwili ndipo akaenda ofisini. Anasema karatasi yake ni mdogo wake."

Bi Okbun akacheka kidogo, akafunika mdomo kwa kiganja. Alilisema mbele ya watu wanne, ambao wote ndiyo kwanza anawafahamu isipokuwa mjukuu wake, bila kuona haya, bila kuvuta pumzi.

Na mimi? Mwaka wa sabini na mbili tulipofika Maskati kutoka Unguja, mikono mitupu, hatuna cheti hata kimoja, tulisimama kwenye foleni kuandikishwa. Karani akauliza huyu ana miaka mingapi. Kaka yangu Thani akanitangulia kujibu: "Kumi na saba." Nilikuwa na ishirini na moja, naelekea ishirini na mbili. Thani alitaka nipokelewe shule, na alitaka nisiitwe mwanamwali aliyepitwa na wakati. Karani akaandika. Mwaka uliofuata akaja Humaid kuniposa, kijana wa mwaka wa hamsini na mbili, anajisifu kwamba anaoa msichana mbichi. Nilikuwa mkubwa wake kwa miaka miwili. Nilikaa naye miaka arubaini, nikamzika, na sikumwambia. Thani naye kafa. Duniani hakuna aliyejua ila mimi.

Nilichotakiwa kufanya kilikuwa chepesi. Kusema hamsini na tano, kama siku zote. Bi Okbun angekuwa mkubwa wangu, angenyanyua kijiko, watu wangekula. Hata pembe ile ya moyo wangu ingestarehe, maana neno lingebaki kuwa la kwake yeye.

Nitasema kweli: si ucha Mungu ulionisukuma. Ni kiburi. Nilimtazama yule mama, mdogo wangu kwa miaka miwili kamili, kakaa kwenye zulia langu na ukweli wake wote mkononi, na mimi nijifiche nyuma ya karani aliyekwisha kufa na kumwita yeye dada mkubwa? Na kumtia Hadeel uongo mdomoni, aufasiri kwa yale maneno yake ya heshima aliyoyahangaikia miaka kumi na mbili? Nilisikia hasira, na hasira yenyewe ilikuwa juu yangu.

"Hamsini," nikasema.

"Na tano, Mama," Salem akanikumbusha.

"Nimesema hamsini. Msimu wa karafuu wa mwaka wa hamsini. Nna akili zangu timamu."

Salem akaanza kuhesabu. Nikamwona anafika. "Mama, Baba alikuwa wa hamsini na mbili!"

"Nnajua baba yako alikuwa wa lini."

"Alijua?"

"Hakuniuliza."

Hadeel akarudisha kichwa nyuma akacheka mpaka machozi yakamtoka, Salem akaziba uso kwa mikono miwili mabega yanamtikisika, na hata mimi midomo ilinicheza. Hadeel akajikusanya akafasiri. Bi Okbun hakucheka. Alihesabu kwa kidole gumba kwenye viungo vya vidole vyake, kimoja baada ya kingine, akasema neno.

"Chui milia," Taeho akasema kwa Kiswahili chake. "Bibi ni mwaka wa chui milia."

"Hilo halikuhitaji kuhesabiwa," akasema Salem.

Hapo Bi Okbun akainuka. Nilidhani amekasirika. Akarudi nyuma hatua mbili, akaweka kiganja juu ya kiganja, akainua mikono usawa wa macho, akaanza kushuka magotini taratibu, na nikaelewa anataka kufanya nini. Mimi, ambaye magoti yangu yana vidonge vyao asubuhi na jioni, sijui nilivyoruka. Nikamdaka mabega kichwa chake hakijashuka. "La, la, mama yangu, si kwangu mimi! Mola ndiye anayeinamiwa." Hadeel hakupata hata nafasi ya kufasiri. Tukabaki hivyo, wanawake wawili wazima, tumepiga magoti juu ya zulia, tumeshikana mikono chini ya viwiko. Karibu yake niliona macho yake yamejaa maji.

"Onni," akaniambia.

"Dada mkubwa," akasema Hadeel, polepole. "Anasema dada yake mkubwa amekufa miaka kumi na moja iliyopita. Tangu siku hiyo yeye ndiye mkubwa wa kila mahali. Hakuwa na mtu wa kumwita hivyo tena."

Nililia. Sitafuti neno jingine. Nililia kwa ajili ya yule mama, na kwa ajili ya Thani, na kwa sababu ilikuwa miaka mingi mtu hajanitazama akaona umri wangu na akaufurahia.

Tukarudi kukaa. Wote wakanitazama, na sasa hapakuwa na pa kukimbilia. Nikashika kijiko. Wallahi kilikuwa kizito. Nilimwona mama yangu mbele ya macho, namna ambavyo angenikodolea, mwenye nyumba naanza kula na wageni wananitazama mdomo. Nikasema bismillahi, nikanyanyua, nikala. Vile vipande vilikuwa vimevimba na kulainika kupita kiasi, na supu imepoa. Nikala kijiko cha pili ili wajue nimekusudia. Hapo mikono yote ikaingia chakulani kwa pamoja, na Salem akala sambusa mbili kabla sijafika kijiko cha tatu.

Bi Okbun alikula pilau kwa mkono wake wa kulia, nimemwonyesha mara moja tu. Aliomba kuku mara ya pili. Aliuliza kilichomo kwenye mchuzi, nikamwambia tui, akataka alione, Hadeel akamletea nazi. Tulizungumza kwa njia ya Hadeel kama wanawake wanaozungumza toka wasichana: nani kazaa wangapi, nani kazika wangapi, goti lipi linauma wakati wa baridi. Mimi nilikuwa nikimtazama Hadeel. Akigeuka upande ule, mgongo unanyooka na sauti inashuka, maneno yanamtoka yamepangika. Akigeuka upande huu, ni mtoto wa Ghubra. Hakukosea mara moja. Salem akaniinamia sikioni akasema, "Mama, tazama mtoto wako huyo," na niliona kifua chake kimejaa kama changu.

Tukanawa, ikaja kahawa na halua. Nikajua wakati umefika. Nikakaa sawa kulisubiri neno.

Bi Okbun akaweka kikombe chini. Akamwita Hadeel akae karibu, akamwita Taeho akae upande wa pili. Kisha akanigeukia mimi, akasema maneno machache.

Hadeel hakufasiri. Rangi ilimtoka.

"Anasema nini?"

"Anasema..." Akaanza tena. "Anasema alikuja kutoa neno. Lakini alipokuja hakujua kama nyumba hii ina mtu aliyemzidi umri. Anasema hawezi kusema mbele yako. Yeye anapokea, wewe ndiye unayetoa, na wewe ndiye mkubwa. Ukisema ndiyo, yeye atashukuru. Ukisema hapana, atamchukua mjukuu wake arudi naye, na hatakulaumu, wala Taeho hatakulaumu."

Taeho akainamisha kichwa, kukubali kuwa hivyo ndivyo.

Nimewahi kufikwa na mengi, lakini sikuwahi kunaswa kama hivyo. Ukubwa nilioupigania kwenye sinia la pilau, huo umekuja na malipo yake. Hapana yake niliyokuwa nikiiomba kwa siri sasa ilikuwa kwenye ulimi wangu mimi. Neno moja tu, na Hadeel angebaki. Angelala chumba kile kile, angekunywa chai na mimi alfajiri, angeniwekea dawa za macho. Kila mtu pale angelikubali kwa adabu. Nilimtazama. Alikuwa kaangalia zulia. Hakunitazama aniombe, wala hakulia anitie huruma. Alingoja, kama alivyofunzwa mtoto wa watu kungoja wakubwa waseme. Nani kamfunza? Mimi.

"Mwambie," nikasema, "huyu anaitwa Hadeel bint Salem. Anajua lugha nne, na hajawahi kunijibu vibaya hata kwa moja."

Hadeel akasita. "Bibi, kwao mtu hamsifu wa kwake mbele ya watu. Humshusha."

"Huko kwao. Hapa ni Ghubra. Fasiri."

Akafasiri, masikio yamemuiva.

"Mwambie akiudhika hunyamaza. Asimfuate. Amwache mpaka magharibi, atakuja mwenyewe. Mwambie akiumwa hasemi, amtazame macho. Mwambie usiku hujifunua shuka, na kwao kuna baridi, aamke amfunike. Mimi nimeamka miaka ishirini na mitatu, sasa zamu yake."

Akafasiri moja moja. Bi Okbun akawa anaitikia kwa kichwa kila neno, kama mtu anayepokea amana na kuihakiki.

"Na mwambie nampa," nikasema. "Kwa ridhaa yangu. Mimi mkubwa wa nyumba nimesema."

Hadeel akafungua mdomo, hakukutoka kitu. Akajaribu tena. Taeho akainua kichwa ili amsaidie kulisema, na mimi nikamwinulia kidole.

"Muache. Amelisomea mwenyewe. Haya mama, fasiri."

Akafuta pua kwa mgongo wa mkono. Akanyoosha mgongo, akaweka mikono miwili juu ya magoti, akamgeukia Bi Okbun, akayasema yote kwa Kikorea, taratibu, kwa maneno ya kumsemesha mkubwa, mpaka la mwisho, na hakulia mpaka alipomaliza.